Simu 115: Jinsi M-Mama Unavyomfikisha Mzazi Hospitali

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Maambukizi ya uzazi, kwa kawaida, huchukua siku kadhaa kufikia hatua hiyo. Kwa sababu hiyo, mratibu anayepokea simu ya dharura lazima kwanza ajue mgonjwa amebakiwa na muda gani, ndipo atafute gari. Mfumo wa M-Mama nchini Tanzania umejengwa juu ya hesabu hiyo.

M-Mama ni usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali, Vodafone Foundation na wadau wengine. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mzazi hupoteza maisha kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Kwa mtazamo wa kwanza, M-Mama unashughulikia safari tu. Ukiuchambua hatua kwa hatua, utaona unagusa yote matatu.

Hatua ya kwanza ni simu. Namba 115 hupigwa bure, usiku na mchana. Anaweza kupiga mume, jirani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuguzi wa zahanati. Mratibu huuliza: mama ni mjamzito au ameshajifungua? Anatoka damu? Amepata degedege? Yuko kijiji gani? Majibu huingizwa kwenye programu yenye miongozo ya kitabibu, inayosaidia kupima uzito wa dharura na kuchagua kituo kinachofaa. Uchaguzi huo ni muhimu, kwa kuwa kituo cha karibu si lazima kiwe sahihi. Mwenye uchungu pingamizi anahitaji chumba cha upasuaji, na akipelekwa zahanati atakuwa amepotezewa muda.

Hatua ya pili ni gari. Ambulensi ikiwa karibu, hutumwa. Ikiwa mbali au iko kwenye safari nyingine, mratibu humpigia dereva jamii, yaani mwenye gari binafsi aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Familia haimlipi kitu. Nauli hukokotolewa kwa umbali, na dereva hulipwa kwa M-Pesa mgonjwa akishafikishwa salama.

Hapo ndipo penye ufundi mkubwa wa mfumo huu. Katika kaya nyingi za vijijini, gari la kukodi usiku halitoki bila fedha mkononi, na wakati wa kuhangaika kukopa ndio wakati damu inapovuja. Mzigo wa nauli ukiondolewa kwa familia, uamuzi wa kwenda hospitali nao hupata wepesi. Kulipa baada ya kufikisha kunampa dereva sababu ya kuwahi, na kunalinda fedha za umma dhidi ya safari hewa.

Hatua ya tatu hufanyika gari likiwa njiani. Kituo kinachopokea huarifiwa mapema, ili wahudumu waandae kitanda, damu au chumba cha upasuaji kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Mipaka ipo. Dereva jamii si muuguzi, na gari lake halina oksijeni wala dripu. Barabara ya udongo isiyopitika wakati wa masika haianzi kupitika kwa sababu tu mtu amepiga 115. Hospitali isiyo na akiba ya damu itampokea mama kwa wakati na bado ishindwe kumwokoa. Takwimu nazo zisomwe kwa uangalifu: vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Kwa kuwa uzinduzi wa kitaifa ulikuja mwaka huohuo wa 2022, si haki kuupa M-Mama sifa yote ya mafanikio hayo.

Hata hivyo, mfumo huu umethibitisha kwamba magari yaliyopo kijijini yakipangwa vizuri huokoa maisha bila kusubiri kila kata inunuliwe ambulensi. Halmashauri zihakikishe malipo ya madereva hayacheleweshwi. Nawe mwenye mjamzito nyumbani, hakikisha mume, mama mkwe na jirani wote wanaijua namba 115, na wanaweza kueleza njia ya kufika kwenu.