"Orijino", "Bandia" na Pikipiki Kongwe ya Kamanga

Miongoni mwa maneno yanayotumika kila siku pasipo mtu kuulizwa maana yake ni neno orijino. Limo katika mabango ya maduka ya spea, limo midomoni mwa mafundi, wala halikosi katika maandishi ya watu wanaojihadhari na lugha yao. Wapendao usanifu huandika halisi, wengine huandika asilia, na wote hudhani kwamba wamekwisha kulitafsiri. Sisi tunaona kuwa hawajalitafsiri. Neno lenyewe limebeba maana zaidi ya moja, na maana hizo zinapochanganywa mtu hupoteza fedha yake, na pengine hupoteza na haki ya chombo chake.

Jambo hili lilitudhihirikia huko Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, pale feri itokayo jijini inapoteremsha abiria, magari na pikipiki. Yuko mzee mmoja mstaafu ambaye kwa mapenzi yake tu, wala si kwa biashara, anaiunga upya Honda CG125 ya miaka ya themanini. Tulimkuta kivulini, injini iko juu ya meza na kabureta imelowekwa katika bakuli la petroli. Tukamwamkia, akatuitikia, kisha tukamwuliza, "Mzee, hivi vyote ni orijino?" Akacheka. "Orijino ipi, wanangu?"

Kando ya meza alikuwa amepanga makopo. La kwanza lilikuwa na vipuri ambavyo, kwa maneno yake, "vilikuja nayo", yaani vilivyofungwa kiwandani siku pikipiki ilipoundwa na havijabadilishwa tangu hapo. La pili lilikuwa na vipuri vilivyotengenezwa na kampuni ile ile ya Honda kwa ajili ya aina ile ile ya pikipiki, ila vilinunuliwa baadaye vikiwa ndani ya boksi. La tatu ni vya kuvuliwa kutoka pikipiki nyingine ya aina hiyo iliyokwisha kufa. La nne ni vya viwanda vingine, navyo vina majina ya viwanda hivyo. Kopo la tano lilikuwa na kipuri kimoja tu, kabureta aliyouziwa kwa bei kubwa, nayo ina jina la Honda ingawa Honda haikuitengeneza. Hiyo ameiweka, alisema, ili aonyeshe watu.

Basi dukani makopo matatu ya kwanza yote huitwa orijino, na la tano nalo huitwa hivyo hivyo! Hata la nne, muuzaji akiwa na haraka.

Tuyatazame maneno yanayopendekezwa. Neno halisi ni zuri, lakini hujibu swali moja tu: je, kitu hiki ndicho kinachodaiwa kuwa, au ni cha uongo? Kwa swali hilo kopo la kwanza, la pili na la tatu yote ni halisi. Anayeunga pikipiki kongwe ana swali lake la pili: je, kitu hiki kimekuwa hapa tangu lini? Hilo halisi hailijibu, wala haikuundwa ilijibu. Asilia nayo imezoea kukaa na misitu, maji na dawa za miti shamba. Ukisema "pistoni asilia" msikilizaji hutafuta mti uliozaa pistoni hiyo. Sisi tungependelea kipuri cha awali kwa kile kilichokuja na chombo, na kipuri halisi libakie kwa kila kilichotengenezwa na mwenye jina lake. Kwa hiyo kila kipuri cha awali ni halisi, lakini si kila kipuri halisi ni cha awali. Kwa kopo la tatu, kipuri cha kuvuliwa kinatosha, maana mafundi wenyewe husema wamekivua, wala hatuoni sababu ya kwenda kuwatafutia neno Unguja au Uarabuni.

Mgogoro mkubwa uko kwenye neno bandia. Limekuwa tusi la jumla kwa kila kitokacho China. Tunaamini kuwa hapa lugha inadhulumu. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilikusudiwa nchi ambako mwenye chombo huenda asibadilishe oili kwa wakati wake. Vali zake husukumwa na vijiti vinavyopanda kutoka chini, kwa kuwa kamshafti haikuwekwa kichwani mwa injini. Ni injini nyepesi kutengeneza na ngumu kuua. Viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, hata baadhi ya pikipiki zinazobeba abiria katika barabara zetu ni vitukuu vyake. Ndiyo maana baadhi ya vipuri vya Kichina huingia katika Honda ya mzee yule bila ya kupigwa tupa. Kipuri cha namna hiyo, kikiwa na jina la kiwanda chake, hakimdanganyi mtu. Hicho ni kipuri mbadala. Bandia ni kile kinachovaa jina la mwingine, na hivyo ndivyo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inavyolitazama jambo hili: kosa liko kwenye alama. Fundi anayeita kila kitu bandia humwacha mnunuzi bila neno siku anapoibiwa kweli kweli.

Maneno mengine hatuna ugomvi nayo. Plagi, klachi, kabureta, shokapu, madigadi, spoki: yote yamekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili, na mwenye kutaka kuyavua apewe kazi nyingine. Pikipiki lenyewe ni mlio wa injini uliogeuka kuwa jina, sawa na tukutuku. Vipuri nalo limeenea kwenye mabango na redioni. Mafundi wa Kamanga wanalielewa vizuri, kisha wanaendelea kusema spea.

Turudi kwenye pikipiki yenyewe. Je, tuiite kuukuu? La. Kuukuu ni nguo iliyobaki kuwa tambara la kufutia oili. Ya kale inaipeleka mbali mno, kwenye magofu ya Kilwa. Ya zamani haina kosa, ila haina heshima pia. Kongwe ndilo linalofaa, kwa sababu lina umri na heshima kwa pamoja.

Kuhusu tendo lenyewe, waandishi hukimbilia kukarabati, nalo ni neno la majengo na barabara kuliko la mashine. Kuunda kuna wenyewe: mafundi wa mitumbwi katika ufuko huo huo wa ziwa huunda, kwa sababu huanza na mbao tupu. Kuunganisha ni kazi ya kiwanda kinachopokea vipande vipya. Gereji husema kufufua, nasi tunalipenda neno hilo, lakini injini hufufuka hata kwa pistoni ya pikipiki nyingine kabisa. Kufufua ni kuifanya iende. Mzee wa Kamanga hataki iende tu, anataka irudi ilivyokuwa. Kwa hiyo tunapendekeza kurejesha, na kazi yenyewe iitwe urejeshaji.

Tofauti hii si ya mapambo. Kadi ya pikipiki huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Aliyefufua kwa injini ya kuvuliwa ana chombo kinachokwenda na kadi isiyosema kweli, na siku ya kukiuza au ya kusimamishwa njiani atahitaji kueleza. Mzee alituonyesha namba zake zote mbili, zikilingana na kadi iliyokunjika mara nne. Yeye husema "namba zimeoana". Tungeomba neno hilo liingizwe katika orodha za istilahi kama lilivyo.

Limebaki moja lililotushinda. Tangi la pikipiki ile lina rangi yake ya kwanza, nyekundu iliyopauka, imekwaruzika pale magoti yalipogusa. Vijana wamemshauri aipige rangi upya, amekataa. Tulipouliza hali hiyo inaitwaje, fundi aliyekuwa karibu alisema "imechakaa", na mzee akamkatalia kwa ukali: kilichochakaa hutupwa. Kiswahili kina maneno mengi ya kuchakaa, kupauka, kuchujuka na kuchuja, na yote ni ya hasara. Hatukupata hata moja la uzee unaoonekana juu ya kitu na kukiongezea thamani. Pengine wenye Vespa za miaka mingi kule Zanzibar wanalo, au maseremala wa milango ya zamani. Wanaolijua watuandikie kabla ya toleo lijalo, na wataje mahali walipolisikia.