Mwenda Jean Bosco na Ukuu wa Gitaa Moja

Watu wakipumzika kivulini baada ya kazi ya mpunga, hapa Kiringye na katika bonde lote la Ruzizi mpaka Uvira, hawakosi kubishana juu ya wanamuziki. Nani mkubwa kuwapita wote? Wengi humtaja Franco wa Kinshasa na bendi yake ya OK Jazz, iliyoanza mwaka 1956. Wachache, wazee hasa, humtaja Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hapo vijana hucheka: mtu mmoja mwenye gitaa kavu atalinganaje na kundi zima la magitaa na tarumbeta? Twaona wamecheka upesi mno.

Kwanza kila mtu apewe haki yake. Franco, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa mkubwa kweli. Wimbo wake "Mario", wa mwaka 1985, wajulikana hata na watoto waliozaliwa baada ya kifo chake. Lakini Franco alizungukwa na wenzake wengi. Mwenda alikuwa na kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba lilishika sauti za chini, kidole cha pili kikaimba juu, na asikiaye hudhani wapigaji ni wawili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa wimbo wake "Masanga". Mwishoni mwa miaka ile ya 1950 Mwenda aliitwa Nairobi kuitangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa, nao wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa kuitazama mikono yake. Mwaka 1969 alipiga gitaa mbele ya watu wa Newport, Marekani.

Tusifiche kasoro. Maneno ya nyimbo zake mara nyingi hurukaruka. Huanza na jambo hili, huishia na jingine. Atafutaye hadithi yenye mwanzo na mwisho, au onyo kwa kijana mvivu, atamwona Franco mbele. Hapo vijana wana haki.

Lakini wimbo hudumu kwa nini? Si kwa kelele, wala kwa wingi wa santuri zilizouzwa. Wimbo hudumu ukiweza kutoka mkono huu na kuingia mkono mwingine. Muziki wa bendi kubwa wahitaji bendi kubwa. Bendi ikivunjika, twabaki na santuri tu. "Masanga" wahitaji mtu mmoja, nyuzi sita na uvumilivu. Tena Mwenda hakuupiga sawasawa kila mara, bali aliugeuza akipiga, hata mtaalamu David Rycroft akaandika uchunguzi mrefu juu ya mageuzi hayo, uliotoka kuanzia mwaka 1961. Kwa hiyo ajifunzaye hapokei kitu kilichofungwa. Apokea njia ya kwenda mwenyewe.

Mwaka 1972 Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na yeye aliyechukua jina la Mtakatifu Yohane Bosko akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia. Wimbo wake haukuhitaji jina wala ruhusa. Wapigwa mpaka leo na watu ambao hawakumwona kamwe.

Lakini urithi wa namna hii una hatari yake. Simu yaweza kutunza sauti. Haionyeshi kidole kilikaa wapi. Mzee ajuaye akifa bila mwanafunzi, njia imefungwa. Basi ninyi vijana, endeleeni kubishana, na Franco msimwache. Lakini kabla ya kucheka, mtafuteni mzee wa jirani ambaye bado ana gitaa ukutani, mkaombe awaonyeshe gumba lafanya nini. Atakayejaribu kwa mwezi mmoja na arudi kivulini atuambie ni nani mkubwa.