Mtihani wa Fundi Mtulivu

Kampuni ya vifaa vya mtandao ya Cisco ilipoanzisha mtihani wa mafundi wa mitandao, CCIE, mwaka 1993, namba za waliofaulu hazikuanzia moja. Zilianzia 1024, namba ambayo watu wa kompyuta wanaienzi kwa kuwa ni mbili kwa kipeo cha kumi. Na namba hiyo hakupewa mtu yeyote, ilipewa maabara yenyewe ya mtihani. Stuart Biggs, aliyeuasisi mtihani huo, akachukua 1025. Namba 1026 ikaenda kwa Terry Slattery, mtu wa kwanza asiye mfanyakazi wa Cisco kufaulu, ambaye pia aliongoza timu iliyoandika mfumo wa amri unaotumika hadi leo katika ruta za kampuni hiyo, yaani vifaa vinavyozielekeza pakiti za data mtandaoni. Naupenda mpangilio huo: chumba cha kazi kimetangulia, binadamu wakafuata.

Siku hizo mtihani ulichukua siku mbili. Siku ya kwanza mtahiniwa alichomeka kebo kwa mikono yake na kuanza kuujenga mtandao, na ambaye hakufikisha alama za kutosha hakuruhusiwa kurudi siku ya pili. Aliyerudi alimalizia ujenzi, kisha akatolewa nje ya chumba, na msimamizi akakaa kwenye mashine kuuharibu mtandao ule kwa makusudi. Mtahiniwa aliporejea alikuta kazi yake haifanyi kazi, bila kuambiwa kilichoguswa. Oktoba 2001 mtihani ukafupishwa ukawa wa siku moja, kwa muda wa saa nane. Tangu mwaka 2020 una sehemu mbili: saa tatu za usanifu, ambapo jibu ukishalikabidhi huwezi kulirudia, na saa tano za kujenga, kuendesha na kurekebisha. Kuna wakongwe wanaozililia zile siku mbili, nami nawaelewa. Mtu kurudi kwenye kitu alichokijenga mwenyewe, akakikuta kimevurugwa, na bado akatulia akakisoma upya, hicho ni kipimo ambacho karatasi ya maswali haiwezi kukifikia.

Ugumu wake hautokani na wingi wa amri za kukariri. Amri mtu yeyote mwenye bidii atazishika. Ugumu uko katika namna jambo moja linavyogusa jingine, na mfano ninaouheshimu kuliko yote ni ule wa kuunganisha itifaki mbili za kutafuta njia, EIGRP na OSPF, kupitia ruta mbili za mpakani. Tuziite A na B. Kila ruta huwa na kipimo cha imani kwa chanzo cha habari, na namba ndogo ndiyo inayoaminiwa zaidi. Habari za OSPF zina 110. Za EIGRP zilizozaliwa ndani yake zina 90, lakini zile zilizoingizwa kutoka nje zina 170. Sasa chukua njia iliyoingia EIGRP kutoka nje, yenye 170. Ruta A inaipeleka upande wa OSPF, kama ilivyoagizwa. Habari inazunguka upande huo hadi inaifikia B, ikiwa imevaa 110. B inalinganisha: 170 kutoka kwa jirani aliye karibu na ukweli, 110 kutoka kwa aliyesikia kwa mbali. Inamwamini aliyesikia kwa mbali. Kisha, kwa utiifu uleule, B inairudisha habari hiyo upande wa EIGRP, na ikifika kwa A ikiwa na gharama nafuu, A nayo inaiamini. Hapo pakiti zinaanza kuzunguka kati ya ruta, kila ruta ikipunguza moja kwenye hesabu ya umri wa pakiti, mpaka hesabu inafika sifuri na pakiti inatupwa.

Hakuna ruta iliyokosea. Kila moja imetii kanuni yake kikamilifu, na mtandao umekufa. Anayetazama ruta mojamoja hataliona kosa, kwa sababu halikai kwenye ruta yoyote. Fundi wa kweli huliona kabla hajaandika amri hata moja, wakati angali na kalamu na karatasi. Huchora mpaka, huweka mishale ya kila habari inakotoka na inakokwenda, kisha hujiuliza: kitu hiki kikivuka hapa, kinaweza kurudi pale? Dawa yenyewe ni ndogo ajabu. Kila njia inapovuka mpaka hupigwa alama ya namba, na ruta ya pili huagizwa kwamba chochote chenye alama ile kisirudishwe kilikotoka. Ni mistari michache tu, na nyuma yake kuna miaka ya kufikiri.

Kuna hitilafu nyingine ndogo inayowatesa wengi. Ruta mbili za OSPF zinasalimiana vizuri, kila moja inaiona nyenzake, na bado hazimalizi kupatana. Zinakwama pale zinapotaka kubadilishana orodha ya zinayoyajua. Ukipima kwa pakiti ndogo, majibu yanarudi bila tatizo. Mwenye haraka ataanza kufuta na kuandika upya. Mwenye subira atakumbuka kwamba salamu ni fupi, na kwamba kabla ya kubadilishana orodha kila ruta humtajia mwenzake ukubwa wa pakiti unaopita kwenye kiungo. Upande mmoja ukiwa na baiti 1500 na mwingine 1400, salamu zitapita na mazungumzo yatakwama. Huyu hatagusa mahali pengine popote. Atabadilisha namba moja, na majirani watapatana.

Kujizuia huko ndiko ninakokustahi zaidi. Waliozoea mtihani huu husoma maswali yote ya ujenzi mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa kibodi, kwa sababu agizo la mwisho linaweza kubomoa kilichojengwa kwa agizo la kwanza. Huhifadhi kazi yao kila baada ya hatua, maana ruta ikizimika kabla ya kuhifadhi, yote yamepotea. Na hujiwekea muda wa mwisho kwa ajili ya kuhakiki tu: kutuma pakiti kutoka kila ruta kwenda kila anwani, na kusoma majibu yote bila kuruka. Kwa miaka mingi alama ya kufaulu ilikuwa 80 kati ya 100, na swali lililofanya kazi nusu lilipata sifuri. Wapo waliolalamika kwamba ni ukatili. Mimi naona ni haki, maana mteja wa benki ambaye muamala wake umekwama hafaidiki kwa kuambiwa kwamba mtandao umefika asilimia tisini.

Nje ya chumba cha mtihani, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kwa takriban saa sita. Chanzo kilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ikakata viungo vya uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni hiyo, na hapo njia za kuzifikia seva zake za majina zikaondolewa kwenye intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kwetu Afrika Mashariki ilikuwa zamu ya bahari: kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Matukio hayo mawili hayafanani, lakini yote yalihitaji watu wa aina ileile, wanaoweza kuangalia ramani nzima wakati simu zinaita na mabosi wamesimama nyuma ya kiti, wakaamua njia zipi ziguswe na zipi ziachwe kama zilivyo.

Watu hao hawapatikani kwa semina ya siku tatu. Siku hizi kijana wa Mwanza au Eldoret anaweza kujenga mtandao wa ruta kadhaa ndani ya kompyuta moja kwa programu kama GNS3 au EVE-NG, akaubomoa na kuujenga tena usiku kucha. Hilo ni jambo kubwa, halikuwepo kwa kizazi cha kwanza. Lakini ada ya mtihani wenyewe ni dola 1,600, na bado kuna nauli na visa ya kufika kwenye maabara kama ya Dubai au Brussels, na wengi hawafaulu mara ya kwanza. Ninyi wenye makampuni ya simu, mabenki na watoa huduma za intaneti, mnaye mtu wa namna hii ofisini kwenu, mara nyingi ni yule anayezungumza kidogo na kuchora sana. Mlipieni mtihani, na mpeni muda wa kujiandaa ndani ya saa za kazi.