Sigara ya dereva, mapafu ya abiria



Kila mara swali hili likitokea kati yetu (je, kuvuta sigara ukiendesha gari kukatazwe?), wengi wanajibu vilevile: «Gari ni yake, sigara ni yake, mapafu ni yake. Serikali inaingilia nini?» Mimi naona jibu hilo lina kosa kubwa, na pia lina ukweli kidogo. Tuvitenganishe.

Kosa ni kwamba linazungumzia gari ambalo wengi wetu hatuna. Hapa Lubumbashi, mwanafunzi anayetoka Katuba ao Kenya kwenda mjini anapanda taxi-bus. Humo sigara ni ya dereva, lakini moshi ni wa watu wote. Mama mwenye mimba iko nyuma, mtoto iko juu ya magoti ya dada yake. Ukimwomba dereva azime, anajibu: «Kama haupendi, shuka, utapata ingine.» Na pesa umekwisha kulipa! Wakati wa mvua, Novemba mpaka Machi, madirisha yanafungwa na moshi unabaki ndani na sisi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni moja wasiovuta wanakufa juu ya moshi wa wengine.

Halafu kuna barabara yenyewe. Gari ikienda kilometa 60 kwa saa, inapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 3 kutafuta kipande kilichomwangukia kwenye suruali, amekwisha kupita mita 50 bila kuangalia. Mita 50 kwetu ni mashimo mawili, pikipiki tatu, na watoto wanaotoka masomo. Na kipande kinachotupwa dirishani, nani anajua kitaangukia wapi? Kando ya barabara kuna watu wanauza essence ndani ya bidoni.

Wengine wanasema: tunakili tu sheria za Ulaya. Ni kweli, Ufaransa tangu Julai 2015 inakataza kuvuta ndani ya gari yenye mtoto wa chini ya miaka 18, na faini mwaka ule ilikuwa euro 68. Uingereza ilianza hivyo tarehe 1 Oktoba 2015. Lakini njo hapa ninakosoa. Kule Uingereza, basi na taksi zilikuwa zimekwisha kukatazwa moshi tangu Julai 2007. Sheria ya 2015 ilikuja kumalizia kazi ndani ya gari za familia. Sisi tukinakili ya 2015 tu, tutakuwa tumeweka mabati mbele ya kujenga kuta. Tena nchi yetu iliidhinisha mkataba wa kimataifa juu ya tumbaku mwaka 2005, na kipengele cha 8 kinadai watu walindwe na moshi ndani ya usafiri wa umma. Ahadi iko, imebaki kwenye karatasi.

Sasa ule ukweli kidogo. Kuna wanaotaka kila dereva akatazwe, hata aliye peke yake ndani ya gari lake. Hapo mimi nakataa. Tunajua sote jinsi kosa dogo mbele ya roulage linavyomalizikia mkononi, bila karatasi yoyote. Kosa jipya ni mlango mpya wa kuomba pesa. Dereva wa peke yake akiyumba barabarani, aadhibiwe kwa kuyumba. Code de la route ya 1978 iko kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: marufuku kamili ndani ya gari lolote linalobeba abiria wa kulipa, hata likiwa tupu, juu moshi unaingia ndani ya viti na kumngojea abiria anayefuata. Marufuku pia palipo na mtoto. Na usimamizi usiachiwe roulage peke yake: vyama vya madereva kwenye parking viweke kanuni, na abiria anayeshuka juu ya moshi arudishiwe pesa yake.

Mbele ya hiyo yote kufika, kuna kitu tunaweza kufanya kesho asubuhi. Abiria mmoja akilalamika, anashushwa. Abiria kumi wakisema pamoja «zima, bwana», hakuna anayeshushwa, maana dereva anahitaji kutimiza versement ya siku. Mnaonaje?