Poa, Baridi na Joto: Sifa na Mahali Pake katika Ushairi

Kivumishi ni neno dogo lenye madai makubwa. Nomino hutaja kitu. Kivumishi hukihukumu, na kila ahukumuye amesimama mahali. Msomaji wa Unguja au wa Mombasa akikuta shairi limwitalo mpenzi kivuli, au maji ya mtungi, haulizi maana. Akikuta shairi la mtunzi wa bara limwitalo mpenzi jua la asubuhi, husita, na pengine huliweka kando akisema kwamba mtunzi amefikiri kwa Kiingereza. Kusita huko kuna sababu, ila si kila mara kuna haki.

Sababu yenyewe ni Kiingereza. Katika lugha hiyo kivumishi cool kimebeba maana zigombanazo. Asili yake ni ubaridi wa wastani, usiofikia kuumiza. Kutoka hapo kikatumika kwa mtu mtulivu asiyepandwa na hasira, kisha kwa mtu asiyejali. Mapokezi yakipewa sifa hiyo, ujue mgeni hakupendwa. Lakini kijana akipewa sifa hiyo hiyo, ametukuzwa. Maana hii ya utukufu ilikuzwa na wanamuziki weusi wa jazi nchini Marekani. Santuri ya Miles Davis, Birth of the Cool, ilitoka mwaka 1957. Mwaka 1973 mtaalamu wa sanaa Robert Farris Thompson alieleza kwamba sifa hiyo ina mizizi Afrika Magharibi, ambako Wayoruba huuita utulivu wa nafsi itutu, na huuhesabu kuwa sehemu ya uzuri.

Kwa kuwa vijana wa mijini husema poa pale Mmarekani asemapo cool, wako wanaodhani neno letu ni kivuli cha lile. Kitenzi kupoa kinawakanusha. Kimo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882, na ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu: Wazulu wana phola, Washona wana pora, na kote huko maana ya kupungua joto imeandamana na maana ya kupata nafuu. Mgonjwa hupoa, kidonda hupoa, ghadhabu hupoa. Mpole na polepole ni wa ukoo huo huo. Kilicho kipya ni umbo tu. Vivumishi vyetu vya asili hufuata ngeli, mzuri, kizuri, wazuri. Poa halifuati, husimama palepale kama safi na ghali, maneno ya kuja. Neno la nyumbani limevaa nguo za mgeni, na ndiyo maana walinzi wa lugha hulikagua mlangoni.

Hata hivyo, pwani yenyewe haijawahi kuusifu ubaridi bila masharti. Chai iliyopoa haina ladha, biashara iliyopoa haina faida, na ngoma iliyopooza huwarudisha watu majumbani kabla ya wakati. Kinachosifiwa ni ubaridi unaokuja baada ya joto: upepo wa kusi baada ya kaskazi, kivuli cha baraza baada ya jua la adhuhuri. Sifa hii, basi, ina jua nyuma yake. Pasipo jua kali, kivuli hakina sifa.

Hapa ndipo inapofaa kuutazama ushairi kutoka Hirbadaw, katika nyanda za Hanang na Mbulu mkoani Manyara, nchi ya Wairaqw na Wadatooga, karibu na mlima Hanang unaopita mita 3,400. Kipupwe kile kile kinachompumzisha mtu wa Unguja, huko humsogeza mtu motoni. Katika nyumba za asili za Wairaqw mifugo ililala chini ya paa moja na watu, na pumzi ya ng'ombe ilikuwa sehemu ya joto la nyumba. Na jambo haliishii kwenye ngozi. Katika imani ya kale ya Wairaqw, Looaa, Mungu mwenye huruma, ni wa kike na hufungamanishwa na jua. Neetlangw, roho ziogopwazo, hukaa katika chemchemi na mito. Wengi wao leo ni Wakristo, lakini mtunzi aliyelelewa katika usemi huo akimsifu mtu kwa jua, hakuazima kwa Mwingereza. Amerithi.

Inafuata kwamba mhakiki ana kazi ngumu kuliko kukataa. Ziko sifa za joto ambazo kweli ni tafsiri: salamu za joto na mapokezi ya joto, yaliyojaa katika barua na magazeti, mara nyingi hayana moto wowote nyuma yake. Kipimo si neno, ni kile kinachoambatana nalo. Joto la shairi likiwa na umande, jiko, ngozi ya ng'ombe na mlango uliofungwa mapema, lina miguu yake. Kipimo hicho hicho kimhukumu pia mtunzi wa Hirbadaw anayeusifu upepo wa kusi kwa kuwa tu ameusoma katika diwani za pwani. Naye ameazima, tofauti ni kwamba mkopo huu huwapendeza wahakiki wa pwani, kwa hiyo hawaudai.

Wapo watakaosema kwamba ushairi huu ni wa pwani, na aingiaye afuate desturi ya wenyeji. Katika vina na mizani, hoja hiyo ina nguvu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1917, aliishika arudhi hiyo barabara hata akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wake. Lakini mizani huhesabu silabi. Haipimi joto la mwili. Kumtaka mtunzi wa nyanda za juu amwite mpenzi wake kivuli ni kumtaka aseme kwamba anampenda kwa neno linalomtetemesha.

Kiswahili kilipopanda milima hakikupoteza bahari yake. Kilipata watu ambao kwao kupoa ni kupona homa, na kuota jua asubuhi ni kupona usiku. Lugha yenye nafasi ya nafuu hizo mbili haijaharibika; imepata washairi wengi zaidi.