Unga wa Wafadhili, Kuni za Wazazi

Vikundi vingi vya kujitolea vinavyotaka kusaidia wanafunzi wa nchi za mbali huanza kwa kukusanya vitu: nguo za mitumba, madaftari, vitabu vya kiada vilivyopitwa na mtaala, kompyuta zilizochoka ofisini. Stoo ikishajaa, maswali yanaanza. Nani alipie kontena? Nani atoe mzigo bandarini? Na ukifika shuleni, mtoto aliyekuja bila kula tangu jana atafanya nao nini?

Shirika la Mary's Meals la Scotland lilianzia hukohuko kwenye vitu. Mwaka 2015 lilikuwa limefikia watoto milioni 1 wanaopata mlo kila siku ya shule, na mwaka 2021 wakawa milioni 2. Safari hiyo inastahili kuchambuliwa kwa makini na yeyote anayefikiria kuanzisha kikundi cha namna hii, maana siri yake haiko kwenye wingi wa fedha. Iko kwenye mgawanyo wa kazi uliopangwa mapema: nani anunue, nani apike, na mlo uliwe wapi.

Mwaka 1992 Magnus MacFarlane-Barrow, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa mfugaji wa samaki huko Argyll, magharibi mwa Scotland. Yeye na kaka yake Fergus waliona kwenye taarifa ya habari hali ya wakimbizi wa vita vya Bosnia, wakawaomba majirani mablanketi na chakula, wakapakia Land Rover na kuendesha mpaka huko. Magnus alikuwa ameomba likizo ya wiki moja tu. Aliporudi kijijini Dalmally alikuta michango inazidi kumiminika kwenye banda la wazazi wake, akaacha kazi na kuuza nyumba yake ili aendelee kuisafirisha. Kwa miaka kumi hivi kikundi chake, kilichoitwa wakati huo Scottish International Relief, kilipeleka misaada Bosnia, Romania na Liberia. Ilikuwa kazi njema, ila kila msafara ulijitegemea. Ukishashusha mzigo, unarudi kuanza upya.

Mwaka 2002 alifika Malawi, nchi ikiwa kwenye njaa kali: mavuno yalikuwa mabaya na ghala la taifa la mahindi lilikuwa limeuzwa. Huko alimkuta mama anayekaribia kufa kwa UKIMWI, amezungukwa na watoto wake sita. Alipomuuliza mkubwa wao, kijana wa miaka 14, anatamani nini maishani, kijana alitaja mambo mawili: kupata chakula cha kutosha, na siku moja kwenda shule.

Mchambuzi asilipite jibu hilo haraka. Malawi ilikuwa imefuta ada za shule za msingi mwaka 1994, na kwa mwaka mmoja tu idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Ada haikuwa kikwazo tena. Kilichobaki ni tumbo. Mtoto mwenye njaa anatumwa kibaruani, au anakwenda kuombaomba, au anakaa darasani na haelewi chochote. Kwa hiyo mlo ukiwekwa shuleni, na shuleni pekee, unaondoa kikwazo na papo hapo unampa mzazi sababu ya kumwachia mtoto aende. Kikundi kilianza na watoto 200.

Mlo wenyewe ni uji ambao Wamalawi wanaujua kwa jina la likuni phala: unga wa mahindi na soya, sukari kidogo, umeongezwa vitamini na madini. Ni chakula ambacho mama yeyote wa kijijini anajua kukipika, na unga wake unatengenezwa humohumo nchini kwa mazao ya wakulima wa huko. Shirika likawa halina haja ya kuvusha chakula baharini, na fedha za michango zikabaki kwa mkulima na msagaji wa Malawi.

Kisha inakuja sehemu ambayo vikundi vichanga huiruka. Uji hauletwi na wageni kuja kupikwa na wageni. Jamii ya shule lazima ikubali kwanza, iunde kamati, na wazazi wajipange kwa zamu. Wakati mtoto bado amelala, akina mama wa zamu wameshafika shuleni. Wanawasha moto, wanateka maji, wanakoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kabla masomo hayajashika kasi watoto wamepanga foleni, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Anayemimina anawajua kwa majina. Mtoto asipoonekana siku tatu, habari inafika nyumbani kwao bila barua ya mwalimu mkuu.

Malawi peke yake ina zaidi ya wazazi na walezi 80,000 wanaojitolea hivyo, kwa watoto zaidi ya milioni 1. Gawanya uone: takriban mtu mmoja kwa watoto 12 au 13. Zamu ikizunguka kati ya watu wengi namna hiyo, hakuna anayelazimika kuwa jikoni kila siku, na shamba lake halilali.

Ndiyo maana gharama iko chini. Kumlisha mtoto mmoja mwaka mzima wa shule kulikadiriwa kuwa pauni 13.90, baadaye 15.90, kisha 19.15 bei za vyakula zilipopanda. Ukigawa kiasi hicho cha mwisho kwa siku 200 za masomo, unapata karibu peni 10 kwa kikombe. Upande wa Scotland nako watu wanafanya kazi bila mshahara: wanasimamia maduka ya mitumba, wanatembea kwa miguu kuchangisha, wanatoa hotuba mashuleni. Ofisi iliendelea kuwa kwenye banda lilelile la Dalmally hata baada ya jina la shirika kujulikana duniani. Mchangiaji anayeambiwa gharama ya mtoto mmoja kwa mwaka anajua hasa amenunua nini, na hilo linamrudisha mwaka unaofuata.

Mfumo huu una mizigo yake, na anayeuiga aijue. Uji unajaza darasa, lakini haujengi darasa wala hauajiri mwalimu. Nchini Malawi si ajabu kukuta darasa la chini lenye watoto zaidi ya 100, na kila anayerudishwa shuleni na kikombe anamwongezea mwalimu kazi. Kikundi kinachoanza lazima kikae na idara ya elimu ya wilaya kabla ya kununua gunia la kwanza. Tena, wanaopika kwa kujitolea ni wanawake zaidi, na ni maskini kuliko wachangiaji wote. Kwenye maeneo makavu kama Turkana nchini Kenya, ambako shirika hili pia linalisha watoto wa chekechea, maji na kuni havipatikani hatua mbili kutoka jikoni. Kusema kwamba kazi yao ni ya bure ni kukosea hesabu: imelipwa, ila na wao.

Kenya ina mfano unaojibu hoja hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2012 Wawira Njiru, akiwa mwanafunzi Australia, aliandaa chakula cha jioni cha kuchangisha, na kwa dola 1,250 alizopata akafungua jiko Ruiru kwa watoto 25. Kikundi hicho ndicho leo Food4Education, mshirika wa Kaunti ya Nairobi kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023. Hapo wapishi ni waajiriwa, chakula kinapikwa kwenye majiko makubwa ya pamoja na kusambazwa kwa magari, mtoto anagusisha bangili yake ya kielektroniki kwenye kifaa, na mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani, kaunti na shirika wakibeba zinazobaki. Mzazi anachangia kwa sarafu badala ya mgongo.

Mpango huo unahitaji msongamano wa mji: shule nyingi karibu karibu, barabara, mtandao wa simu, na serikali ya eneo yenye bajeti. Kijiji cha Malawi ambacho lori halikifikii wakati wa mvua hakina hata kimoja kati ya hivyo, na kwake zamu ya wazazi bado ndiyo njia inayofanya kazi. Ningeongeza kitu kimoja kwenye bajeti ya kikundi chochote kitakachofuata njia hiyo: fungu la majiko banifu, la kuleta maji karibu na jiko, na la unga kidogo anaoondoka nao mpishi siku ya zamu yake. Likiongeza pauni moja kwa mtoto kwa mwaka, mchangiaji aelezwe waziwazi pauni hiyo inakwenda kwa nani.