"Bila Ngano" Haitoshi

Mwokaji wa nyumbani, awe Kinondoni au Temeke, anapoandika juu ya mfuko wa biskuti zake za machungwa maneno "bila ngano", huwa amesema nusu ya kweli. Kinachoepukwa hapa ni gluteni, yaani protini inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika. Nayo imo pia katika shayiri. Mtu ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni aweza kuugua kwa kuyaamini maneno hayo. Kwa hiyo twapendelea "hazina gluteni": neno ni geni, lakini maana yake haina shaka.

"Bila nyama" nayo ina kasoro. Tuvitazame vileja vya Unguja. Kwa kuwa huokwa kwa unga wa mchele, havina gluteni. Nyama pia havina. Hata hivyo hutiwa samli, na pengine yai, vitu ambavyo asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama havigusi. Twapendekeza iandikwe "za mimea tupu". Mahali pa samli pakitiwa mafuta ya nazi, na yai likaachwa, vileja navyo vyastahili sifa hiyo.

Kuhusu ladha, hapana haja ya kukopa. "Jamii ya michungwa" hukusanya chungwa, chenza, limau, ndimu na balungi. Lakini maelekezo ya mapishi sharti yataje tunda lenyewe, kwani atakiwaye kukuna ganda la limau asipewe ndimu.

Twawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya.